Kima cha Chini

Asubuhi hii kazi yangu si kurusha.
Usukani ni wa Kapteni Ngimbudzi,
mikono mikavu, pete imelegea kidoleni.
Mimi ni macho na mdomo:
kusoma, kutaja, kujibu mnara,
kuutazama mshale anaoutazama yeye
kana kwamba yeye hautazami.

Magurudumu: taa tatu za kijani.
Flapu. Mikanda. Taa za kutulia.
Orodha naijua kama jina la ukoo,
lakini naisoma, kidole juu ya mstari,
maana kinachojulikana kwa moyo
ndicho moyo unachokiruka.

Chini yetu Mbeya haipo.
Ukungu wa Juni umelala toka Mbalizi hadi Vwawa
kama uji uliomwagika, hakuna wa kuufuta.
Humo ndani, mahali fulani, mama yangu
anachambua maharage akisikiliza angani.

Nyuma yetu watu thelathini na wanane.
Na tumboni mwa ndege, sanduku la mtu mmoja
anayesubiriwa Tukuyu. Kaburi limeshachimbwa.
Mwanawe, kiti cha nne dirishani,
amemuuliza mhudumu mara mbili kama tutawahi.
Kapteni amesikia. Hakusema kitu.
Nimeliona taya lake.

Nyumbani kwetu mtoto hamkatizi mkubwa.
Chungu kikiungua unangoja amalize hadithi,
ndipo unasema, samahani, kuna harufu.
Siku yetu ya kwanza Ngimbudzi aliniambia,
bila kugeuka, akifunga mkanda:
"Binti Mwakalukwa, shikamoo yako iache kwenye ngazi.
Utaichukua tukishuka."
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mia tano juu ya kima.
Kima cha chini, si kile cha mshahara
tunachokidai kila Mei Mosi;
hiki hakina kikao wala mgomo,
ni namba kwenye karatasi,
na ukiifikia hujaiona njia
huna ruhusa ya kutumaini.

Mia moja.
Waipa inafuta weupe, inakuta weupe.
Kima, nasema. Sioni njia.
Hajibu.

Sekunde moja ina vyumba vingi.
Katika kimoja sanduku limeshafika Tukuyu, watu wanakula.
Katika kimoja mtu anasema, kidogo tu, tuone.
Katika kimoja mkaratusi unatujia taratibu,
naona umande kwenye majani.
Katika kimoja nimekaa, binti mwenye adabu,
nangoja mkubwa amalize.

"Kapteni. Paa!"

Sauti ile sikuitambua.
Ilikuwa ya mama akifukuza mbuzi barabarani.

Mkono wake ulisukuma kabla neno halijaisha.
Injini zikapiga kelele, viti vikatusukuma mgongoni.
"Magurudumu juu," akasema.
"Magurudumu juu," nikajibu,
na kazi ikarudi kuwa kazi.

Juu kulikuwa na jua, jua tele, kama dhihaka,
na Rungwe peke yake akitazama.
Tulizunguka dakika ishirini na sita.
Nilipiga hesabu ya mafuta kwa kalamu, nikarudia:
ya kungojea haya, ya kurudi Dodoma haya,
hayachanganywi, kama hela ya ada na hela ya harusi.
Yeye akawatangazia abiria
kwa sauti ya mtu anayesimulia mechi ya jana.
Ile sekunde hatukuigusa.

Saa tatu kasoro robo njia ikajitokeza,
nyeusi, nyoofu, imelowa.

Kwenye ngazi, baridi ya Songwe ikanikata masikio.
Wanaume sita walilishusha sanduku.
Yule kijana akaweka kiganja juu ya mbao,
hakutazama saa.
"Shikamoo, Kapteni."
Akakawia.
"Marahaba," akasema, kofia mkononi.

Nikiwa najaza kitabu cha safari, simu ya mama:
"Nimesikia ndege mara mbili leo.
Ya kwanza ilishuka, ikarudi juu.
Mlikuwa mmesahau nini?"

Hatukusahau, mama.
Ndiyo maana tulirudi.